Mama Ndago na Bwawa Lililojazwa Kifusi

Ndugu jamaa, majirani, na ninyi nyote mliofika kumsindikiza marehemu, familia imemchagua mdogo wake wa kiume, dereva, awasomee habari za maisha yake, naye ameipokea kazi hiyo shingo upande, kwa sababu mtakazozisikia wenyewe.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Ndago, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa hatua mia tatu kutoka ukingo wa bwawa, akiwa kifungua mimba wa mkunga na mpiga chapa. Alianza shule ya msingi mwaka 1969, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1976, na huko akashika nafasi ya pili katika biolojia, na mpaka anazeeka hakuacha kumtaja kwa kijicho yule aliyeshika ya kwanza.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti wa mimea, kwenye chumba cha mimea iliyokaushwa, chumba kirefu chenye makabati ya bati na harufu ya dawa ya nondo, akibana majani katikati ya magazeti ya zamani, akiyashona kwa uzi juu ya karatasi ngumu, na kuandika lebo kwa mwandiko ambao wakubwa wake wenye shahada waliuonea wivu. Tarehe 22 Novemba 1986 alifunga ndoa na fundi saa, mtu mpole aliyeko hapa mbele yenu, wakajaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 1988, ambaye ni mwalimu, na wa pili mwaka 1992, ambaye ni mshonaji.

Julai 1994, akiwa likizo nyumbani, alichuma bwawani ndago moja ambayo sote tuliikanyaga tangu utotoni bila kuitazama, inayofanana na ile ndago inayowatoa wakulima jasho, ila hii ina suke jeusi, shina lake lina pembe tatu kali, na mizizi yake haina vile viazi vidogo. Aliilinganisha na kila karatasi katika kila kabati, akazunguka mabwawa kumi na moja siku za Jumamosi, mpaka mumewe akalalamika kwamba ameoa mwanamke mwenye mume mwingine matopeni, na mwishowe wataalamu wakathibitisha kuwa ndago hiyo haijaonekana popote pengine. Ilitaka tope jeusi, jua lisilozibwa, na maji yanayofika kwenye kifundo cha mguu mwaka mzima, yakizidi inaoza, yakipungua inakauka, na bwawa letu peke yake ndilo lililoyatunza maji kwa kipimo hicho. Mwaka 1994 alihesabu mashina elfu nne na mia moja, mwaka 2003 mia tisa, na mwaka 2011 mia mbili na kumi na mawili.

Mwaka huohuo wa 2011 bwawa liligawanywa kuwa viwanja vya maghala, na taasisi ikatakiwa kueleza kuna mimea gani pale, naye akaandika ripoti ya kurasa tisa, ambayo mkurugenzi aliikata kwa kalamu na kubakisha mstari mmoja, kwamba ni ndago ya kawaida. Marehemu alimfuata ofisini.

"Mama, hayo ni majani tu," mkurugenzi alimwambia. "Ndago ipo hata uani kwangu, nimeshindwa kuimaliza."

"Ya uani kwako siyo hii, mheshimiwa. Hebu ipapase shina."

Mkurugenzi hakunyoosha mkono, na wiki iliyofuata marehemu alihamishiwa stoo ya vifaa vya usafi, akagawa sabuni na mafagio mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2016.

Jumatatu ya tarehe 7 Mei 2012 matipa yalianza kujaza kifusi, na tipa la kwanza liliendeshwa na mdogo wake, huyu anayewasomea. Alimkuta dada yake amesimama topeni na mabuti ya mpira, ndoo mkononi, akazima injini.

"Dada, toka hapo. Nikikataa mimi, ataletwa mwingine."

"Basi aletwe huyo mwingine. Asiwe wewe."

Mdogo wake alisubiri robo saa, msimamizi akapiga kelele, naye akamwaga. Dada yake hakulia wala hakutukana, alirudi nyuma hatua kwa hatua mbele ya kifusi, aking'oa mashina aliyoweza kuyafikia, na jioni alikuwa na ndoo mbili, basi. Hawakusemezana miaka minne. Siku alipokwenda tena nyumbani kwa dada yake, mdogo wake alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, lakini dada akamkabidhi ndoo na kumwambia, "Kateke maji," na mambo yakaishia hapo.

Mashina yale aliyaotesha uani katika mabeseni matatu, akiyapimia maji asubuhi na jioni, na kila Januari aliiandikia ofisi ya mazingira kuomba ndago hiyo iandikwe kuwa iko hatarini, barua kumi na moja, hakujibiwa hata moja.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akalazwa tarehe 9 Februari 2023. Akiwa wodini, majirani walikuja kumfanyia usafi ili akirudi akute pamependeza, wakafagia ua, wakang'oa majani yote, wakasugua mabeseni mpaka yakang'aa. Hawakujua, na sisi hatukuwahi kuwaeleza. Kila siku marehemu aliuliza, "Mabeseni yana maji?" na mdogo wake akajibu, "Yana maji, dada," akimaanisha ya kufulia, hadi Jumanne ya tarehe 4 Aprili, saa nne asubuhi, alipokata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao mashine ya kusafisha damu ilipoharibika siku sita hawakutuficha. Tunaishukuru taasisi kwa shada la maua, ingawa jina kwenye utepe limekosewa, na mkurugenzi, ambaye ametuma salamu. Tunawashukuru majirani, kwa moyo mweupe, na tunawaomba wasijilaumu, maana aliyewaachia mlango wazi anajulikana, ndiye huyu anayewasomea.

Alhamisi ilifika barua ya ofisi ya mazingira, ya tarehe 27 Machi, ikimweleza marehemu kwamba ombi lake limekubaliwa, ndago ile sasa inalindwa kwa sheria, ni kosa kuing'oa, na maofisa watakuja kuchukua mashina ya mbegu kwake kwa wakati atakaoupanga yeye. Jana mabinti zake waliijibu kwamba mama hayupo, na ndago haipo.

Dada, lala. Hakuna atakayekusumbua tena.