Aliyeiaga Injini Kabla ya Kuizima

Wafiwa, majirani, na ninyi mafundi mliofunga gereji zenu leo, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, mtu niliyebishana naye kuhusu injini tangu siku tuliyojuana, na nahisi familia imenichagua mimi makusudi kwa kuwa leo hawezi kunijibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa dereva wa lori na mshona nguo, akasoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha chuo cha ufundi, ambako alihitimu mwaka 1981 akiwa na alama nzuri sana za injini, na alama za uchoraji ambazo marehemu mama yake aliomba zisitajwe mbele za watu.

Alianzia kazi karakana ya mabasi, na mwaka 1987 akafungua gereji yake, jirani kabisa na duka langu la vipuri, na hapo ndipo ubishi wetu ulipoanza, kwa sababu alikuwa na gari la spoti, jekundu, la milango miwili, lenye injini nzima isiyomwomba mtu msaada, naye akaamua kuifungia turbo, yaani ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisindilia hewa iongeze nguvu. Nilimwambia kwamba injini ambayo haikutoka kiwandani na turbo, ukiilazimisha inakufa, na kweli haikumaliza miezi sita, maana aliisukumia hewa nyingi bila kuiongezea petroli ya kutosha, pistoni moja ikatoboka. Nilicheka mpaka nikafunga duka mapema. Yeye hakununa, aliiweka ile pistoni dirishani ikawa ya kuwekea kalamu, akaanza upya kwa utaratibu, pistoni ngumu zaidi, petroli ya kutosha, rejeta kubwa ya kupoza injini, na hewa ya kuongeza kidogo tu. Wateja waliotaka nguvu maradufu kabla ya wikendi aliwaambia waende wakalale kwanza, ndiyo maana mafundi mlimwita Upepo Kidogo.

Alikuwa na mazoea mengine yaliyotuchosha sote. Akifika anakokwenda hakuzima gari, alikaa humo likinguruma taratibu, kwa kuwa turbo inalainishwa na oili ya injini, na ukizima ghafla ikiwa bado ya moto, oili inasimama na kuungulia ndani, turbo inakufa. Ukimuuliza anafanya nini humo, anakujibu kwamba anaiaga.

Siku ya kuja kuposa aliiaga injini nje ya geti letu, wazee wamesimama sebuleni na nguo zao za heshima, mpaka baba akaniuliza kama huyu bwana ameghairi. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mtoto wa kiume, fundi umeme, na wajukuu watatu. Miaka yote hiyo dada yangu alisimama mlangoni akimwambia chakula kinapoa, naye akimpungia mkono kutoka garini, na dada alikuwa akilalamika kwamba injini inaagwa kwa adabu kuliko mke.

Septemba mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hospitali ya rufaa, na mwezi wa Februari madaktari wakatuambia wazi kwamba dawa hazimsaidii tena. Dada alitaka abaki wodini ajaribiwe dawa nyingine, yeye akataka nyumbani, wakakwaruzana pale pale kitandani, wakanuniana mchana kutwa, hadi alipomwambia mkewe kwamba hajakata tamaa, anaomba tu asizimwe ghafla. Dada akaanza kumkusanyia nguo zake.

Nyumbani, jioni jioni, tulimshika mkono hadi kwenye lile gari lake jekundu, nikaliwasha, na dada yangu, ambaye hakuwahi kuvuka mlango kwa ajili ya ile injini, alizunguka upande wa pili akaingia, akakaa naye. Waliyozungumza wanayajua wenyewe. Siku nyingi walitoka wakicheka, na siku moja walitoka wote macho mekundu. Alifariki Jumanne iliyopita alfajiri, kitandani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli kwa upole, majirani mliotuletea viti na kuvumilia ule mngurumo miaka yote, na mafundi wenzake mliomsimamia gereji alipougua. Ile injini aliyoifunga upya niliipa mwaka mmoja, nayo inafanya kazi mpaka leo. Ameshinda, na naumia sana kwamba sina wa kubishana naye tena.

Mnaosikia gari linanguruma pale getini, hakuna aliyesahau kulizima. Ndilo lililoutangulia mwili wake kutoka mochwari ya hospitali asubuhi hii, dada yangu yumo ndani, na amesema atalizima mwenyewe akiwa tayari, kwa hiyo tutamsubiri. Pumzika kwa amani, shemeji, hakuna mwenye haraka.