Kodi ya Nne ya Kiitikio

Benchi la nje ya duka la Fundi Redio limefungwa mguu kwa waya, na anayekaa upande ule lazima akae kwa adabu. Siku hiyo kahawa ilikuwepo, lakini habari za mpira zilikuwa zimewekwa kando. Fundi alikuwa amepakata gitaa la marehemu kaka yake. Kesho binti wa marehemu anaolewa, na ameomba kitu kimoja tu kwa baba yake mdogo: ule wimbo wa roki wa zamani, upigwe vilevile alivyokuwa akiupiga baba yake nyumbani. Kaseti aliyojirekodi marehemu akiupiga na kuuimba ilikuwa ndani ya redio. Fundi alishaunasa wimbo wote, isipokuwa kodi moja kwenye kiitikio. Kodi ya gitaa jamani, nyuzi kadhaa zinazolia pamoja, si ile ya serikali. Nayo ilimnyima raha kabisa.

— Hebu rudisha, alisema Kinyozi kutoka upande wa pili wa benchi.

Fundi akarudisha mkanda. Kodi tatu zikapita wazi. Ya nne ikalia, ikaacha kitu kinaning'inia.

— Ya huzuni hiyo, akasema Kinyozi. Mimi nanyoa wafiwa, naijua huzuni.

— Huzuni wapi! akadakia Injinia, ambaye hajawahi kujenga hata banda la kuku. Ni ya furaha. Sikia inavyotembea kifua mbele.

Fundi akapiga ya furaha. Siyo. Akarudisha kidole nyuma kidogo, akapiga ya huzuni. Siyo pia.

— Fuata sauti ya marehemu anavyoimba basi, akasema Injinia. Yeye atatuambia.

Fundi akaimba taratibu. Pale kwenye kodi ya nne sauti haipandi wala haishuki, inakaa palepale, sawa na uzi mzito wa gitaa. Haikuwasaidia kitu.

— Basi mkanda umevutika, akasema Kinyozi. Kaseti ikizeeka, huzuni ndiyo inayotangulia kufutika.

— Muongo mkubwa wewe! akasema Injinia. Marehemu alikuwa na jino bovu. Mtu mwenye jino hashiki kodi nzima.

— Jino na vidole wapi na wapi?

— Ulishaumwa jino wewe?

Injinia akajimiminia kahawa.

— Mimi nasema kodi hiyo haipo duniani. Aliitunga mwenyewe, akaenda nayo.

Kinyozi akacheka. Fundi hakucheka. Hilo hasa ndilo lililokuwa likimtisha: kwamba kesho atasimama mbele ya watu, na binti wa kaka yake atasikia kwamba baba hayupo tena.

— Sikilizeni vizuri, alisema. Anagusa nyuzi mbili tu. Ule wa tatu, unaosema kama ni furaha au huzuni, anauruka. Kila kiitikio.

— Uvivu, akasema Kinyozi.

— Kaka mvivu? Yule aliyekuwa akinizaba kofi nikiruka noti moja?

Bibi harusi mwenyewe akatokea, kichwa kimejaa vibanio vya nywele.

— Shikamooni. Baba mdogo, wimbo umekubali?

— Marahaba, mwanangu. Umekubali wote, kasoro hapa.

Akamsikilizisha. Binti akainamia redio mpaka kiitikio kikapita.

— Lakini baba alisema huu mlikuwa mnaupiga wawili.

— Zamani hizo, kabla sijaenda kutafuta kazi mbali. Gitaa langu nililiuza hukohuko.

— Sasa hapo anaporuka, wewe ulikuwa unapiga nini?

Kinyozi akaweka kikombe chini. Ndipo Fundi akaelewa. Miaka yote ile kaka yake alipiga peke yake sebuleni, na kila alipofika pale aliendelea kumwachia nafasi.

— Sikumbuki, mwanangu. Wallahi sikumbuki.

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kitambaa cha kufutia redio, vumbi likamchafua shavu. Binti akaketi upande wa mguu wa waya, akamshika bega.

— Kesho nakuja na redio, Fundi akasema. Baba yako atapiga mwenyewe.

— Na wewe?

Fundi akarudisha mkanda mpaka mwanzo, akaugusa uzi wa tatu kwa kidole kimoja bila kuubana, akangojea nafasi yake kwenye kiitikio.