Mkasi Kwenye Kiingereza

Benchi ni langu, birika la kahawa ni langu, na masikio yanayoumia ni yangu. Tuko mkabala na geti la kiwanda cha nguo, na kila asubuhi wananijia wazee wawili: Profesa, fundi viatu ambaye hajamaliza kitabu hata kimoja, na Spika, mpiga pasi asiyejua kunong'ona. Siku hiyo mjukuu wangu, binti fundi cherehani, alijibana katikati yao. Saa nne alikuwa na jaribio la kazi pale kiwandani. Mashine zao zinaandika Kiingereza. Mwaka jana zilimshinda, akarudishwa. Ukirudishwa mara ya pili, hawakupokei tena.

— Mwanangu, Kiingereza chepesi, — Profesa akaanza. — Neno likitanguliwa na "un", linakataa. "Lock" kufunga, "unlock" kufungua.

— Na "uncle"? — Spika akapaza sauti. — Mjomba kakataa nini?

— Kulea! Umewahi kumwona mjomba kabeba mtoto?

— Hapo sina neno. Na "re"?

— Kurudia. "Write" kuandika, "rewrite" kuandika tena.

— Kumbe! Ndiyo maana ndugu wanaitwa "relatives". Leo unawasindikiza, kesho hao wamerudi!

— Umeona? Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kiingereza kisomwe mtu amelala.

— Lala wewe, — nikamwambia. — Ndicho unachokiweza.

Binti hakucheka. Aliandika "uncle" kwenye kipande cha karatasi, akatoa mkasi, akakata: "un" huku, "cle" kule.

— Mjomba Profesa, "cle" ni nini?

Profesa akatazama kahawa yake. Spika akatazama mawingu. Kwa mara ya kwanza tangu niweke benchi hilo, nikasikia birika likichemka.

— Ukifumua kola, shati linabaki shati, — mjukuu wangu akasema. — Likibaki tambara, basi hiyo haikuwa kola. "Lock" inasimama yenyewe. "Cle" haisimami.

Akakunja karatasi, akavuka barabara.

— Atafeli, — Profesa akanung'unika. — Haraka haraka haina baraka.

— Wewe unashona soli moja tangu juzi, — nikamwambia. — Baraka yako iko wapi?

Hata hivyo hawakuondoka, si Profesa wala Spika, na viatu vya watu vikangoja.

Saa sita geti likafunguka. Akatoka amevaa aproni ya bluu ya kiwanda.

— Bibi! Mashine zilisimama, zikaandika "rethread". Wenzangu watatu wakamwita fundi mitambo. Mimi sijawahi kuliona neno hilo. Nikalikata kwa macho: "re", tena. "Thread" nimeisoma kwenye kila boksi la uzi tangu nianze kushona. Nikatunga uzi upya, mashine ikanguruma! Msimamizi akaniuliza nimesomea wapi.

— Ukamjibu nini?

— Kwenye benchi la bibi yangu.

Spika akapiga ukelele mpaka mlinzi akachungulia.

— Nimemfundisha mimi! — Profesa akajipiga kifua.

Nikammiminia mjukuu wangu kikombe cha mwisho, kikajaa mpaka kikamwagika. Wao nikawaonyesha tako la birika.

Profesa akakohoa, akanisogelea, na sauti yake ikawa ndogo kuliko sindano.

— Mama, ule mkasi... kesho atautumia? Nami nina maneno ya kukata.