Nyota Haikuwa Chafu: Maisha ya Dada Yangu Tupokigwe

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, viongozi wa mtaa, majirani wa Kinyerezi, na nyie mliosafiri kutoka Tukuyu, shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Mimi ni Atuganile, mdogo wake marehemu, tulioachiana ziwa, mwalimu mstaafu, na familia imenituma nisome historia ya dada yangu. Kabla sijaanza niseme jambo ambalo kila mtu analiona na hakuna anayelitaja: mchungaji hayupo hapa mbele, amekaa kwenye gari lake nje ya geti, ni kijana mwema na mie sina ugomvi naye, anasubiri asikie kwenye kipaza sauti sentensi moja tu, kwamba marehemu alitubu, akiisikia ataingia na joho lake na kwaya itaimba, asipoisikia dada atazikwa bila kanisa. Basi tulieni, nitasoma kwa mpangilio, na mahali pa hiyo sentensi tutafika.

Marehemu Tupokigwe Mwakalobo alizaliwa tarehe 14 Machi 1954, kijiji cha Masukulu, wilaya ya Rungwe, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mwakalobo, mkulima wa chai na ndizi, na mama yetu mpendwa, ambaye alikuwa akisema kwamba watoto wengine walizaliwa wakilia, huyu alizaliwa akibisha. Alibatizwa mwaka huo huo siku ya Krismasi, na kipaimara alipata mwaka 1968, nasema hivyo ili ijulikane kwamba kanisani hakuingia kwa mlango wa nyuma.

Elimu ya msingi aliipata hapo hapo kijijini, akaianza mwaka 1962 na kuimaliza mwaka 1968, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana iliyokuwa chini ya misheni, akahitimu kidato cha nne mwaka 1972. Akiwa darasa la sita alichapwa fimbo mbele ya shule nzima kwa kumwambia mwalimu wa hesabu kwamba mstari umepinda kwa sababu ubao umepinda, si kwa sababu ya rula yake, nami nilipofika darasa hilo niliukuta ubao ule ule, na jamani, ulikuwa umepinda kweli.

Mwaka 1974 alikuja Dar es Salaam na kuajiriwa katika karakana ya miwani ya hospitali moja ya serikali, kazi yake ikiwa kusaga na kung'arisha vioo vya miwani, kazi aliyoifanya kwa uaminifu mpaka alipostaafu mwaka 2014, na wengi wenu mliokaa hapa mmesoma Biblia na Kurani zenu kwa vioo vilivyopita mikononi mwake. Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na marehemu shemeji yetu Daniel, dereva wa winchi bandarini, wakaishi Temeke kwa miaka mingi kabla ya kuhamia hapa Kinyerezi mwaka 1998, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Brightson, ambaye yuko Mwanza na amefika jana, na Jesca, ambaye ndiye aliyemuuguza mama yake mpaka mwisho.

Shemeji Daniel, aliyetutoka mwaka 2011, alikuwa na tabia ya kuokota vitu kwa wauza vyuma chakavu wa Temeke, na kati ya alivyoleta nyumbani ni vioo viwili vinene vya madirisha ya meli, vya mviringo, upana wake inchi nane, vikakaa miaka vinafunikia mitungi ya maji hapo uani. Dada alipostaafu, wenzake wakafungua genge la mboga, wakafuga kuku, yeye akavua vifuniko vya mitungi, akaweka kioo juu ya kioo, katikati akatia maji na unga wa kusagia, akaanza kusugua, kwa sababu alisema amewatengenezea watu vioo vya kusomea miaka arobaini, sasa anataka kujitengenezea cha kutazamia mbali. Brightson alimtumia kwenye simu video za kumwonyesha namna ya kutengeneza darubini ya kioo, mengine akajifunza kwa kuharibu, na bomba la majitaka la plastiki likawa mwili wa darubini, wala asicheke mtu, lilikuwa jipya.

Kioo cha kwanza alikimaliza mwaka 2015, kikapakwa utando wa fedha, kikawekwa kwenye bomba, tukaangalia nyota, loh, nyota ilikuwa na manyoya pande zote kama kifaranga. Mie nikamwambia dada hewa ya hapa ndiyo mbaya, na taa za mitambo ya gesi hizo hapo, yeye akakataa, akasema kosa ni la kioo, na kosa lenyewe ni kwamba kimepinda sawasawa kupita kiasi, mpindo wa bakuli, kwa hiyo mwanga unaopiga pembeni unakutana mapema na ule wa katikati unachelewa, na nyota moja inakuwa kama nyota mia zinazogombana. Dawa yake ilikuwa kuongeza kina katikati kidogo mno, kiasi ambacho hata unywele ni mnene mbele yake, kwa kusugua na kupima, kusugua na kupima, kwa taa ndogo na wembe unaokata mwanga, kivuli chake juu ya kioo kikionyesha palipozidi, na kati ya kusugua na kupima ilibidi kioo kilazwe kwenye beseni la maji kipoe, maana joto la mikono likikivimbisha kinampa mpimaji majibu ya uongo. Hakukigusa kile cha kwanza, alikitunza vile vile na kosa lake, akachukua cha pili, akakisaga kwa mpindo ule ule na kukirekebisha mpaka mwaka uliofuata, na siku tulipokwenda kukijaribu kule Pugu, ambako giza bado ni giza, nyota zilikuwa nukta, nukta kabisa, na dada alikaa chini kwenye nyasi akalia kwa furaha, mtu mzima na kanga zake.

Habari zikaenea, walimu wa klabu za sayansi wakaanza kumletea darubini zao za dukani zilizokuwa zikionyesha nyota zenye pembe tatu, naye akilegeza tu vibano vilivyokibana kioo nyuma, pembe zinaondoka, hivyo mwaka 2016 akaamua kuweka bango getini. Alimwagiza fundi wa mabango, Deogratias, ambaye yuko pale nyuma ananitazama kwa aibu, aandike kwamba hapa tunarekebisha vioo vya kutazamia nyota, sasa Deogratias kazi zake nyingi ni za waganga, wale wanaodai kusafisha nyota za watu, yaani bahati zao, mkono ukaenda kwa mazoea, akaandika kwa herufi kubwa nyekundu, TUNASAFISHA NYOTA. Mie nilitaka lifutwe siku hiyo hiyo, dada akacheka mpaka akashika ukuta, akasema liacheni, maana wenye kuamini kwamba nyota zao ni chafu ndio hasa anaotaka waje.

Na wakaja. Wa kwanza alikuwa Bi Somoe, jirani yetu mpika chapati, mwenyeji wa Lindi, akiwa na binti yake mkubwa aliyekuwa ameachwa na wachumba wawili, na mganga fulani alishawaambia nyota ya mtoto ina uchafu na kuku weusi walikwishachinjwa bila mafanikio. Dada aliwakaribisha, akawapa chai, jua lilipozama akamwekea binti darubini yenye kioo cha kwanza, akamwambia chagua nyota yoyote iwe yako, binti akachagua, akaiona imejaa manyoya, akaanza kulia kwamba kumbe ni kweli, ni chafu. Ndipo dada akatoa kioo kile, akaweka cha pili, akamrudisha kwenye nyota ile ile, ikawa nukta safi, akamuuliza, haya mwanangu, kati ya nyota na kioo, nimegusa kipi? Binti akaanza kucheka, Bi Somoe kwanza alikasirika kwamba hakuna hata ubani uliochomwa, lakini asubuhi yake wote wawili walizikata hirizi wakazitupa, na toka siku hiyo watu waliokuja na nyota chafu hapa wakarudi na akili safi siwezi kuwahesabu.

Mganga alichukia, hilo lilitarajiwa, lakini waliochukia zaidi ni watu wetu. Mwaka 2018 mtu alipiga picha bango akairusha kwenye grupu la usharika, wazee wa kanisa wakamwita dada, wakamwambia anafanya uganga, afute bango na atubu mbele ya washarika, yeye akawaomba jambo moja tu, waje waangalie, wakasema wao hawaweki jicho kwenye kitu kile. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wao waliambiwa na bado wakakataa! Alizuiliwa meza ya Bwana, akaondolewa kwaya ya akina mama aliyoiimbia tangu ahamie hapa, na kwa miaka sita, kila Jumapili, mvua na jua, alivaa, akaenda, akakaa benchi la mwisho, wenzake wakiinuka kwenda mezani yeye anabaki amekaa na mkoba wake magotini. Nilimwambia ahamie kanisa lingine, yako mengi, akajibu, thubutu, hili nililijenga kwa tofali zangu.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na kisukari, kikashambulia macho, jicho la kushoto likazima kabisa, kisha mwaka jana figo zikaanza kushindwa, akawa anasafishwa damu, na hata hivyo aliendelea kusugua vioo kwa kupapasa, Jesca akimtazamia kivuli cha wembe na kumweleza. Tarehe 20 Aprili mwaka huu wazee watatu walikuja kumwona, mie nilikuwepo, nao walikuja kwa upendo, sitawasingizia, wakamwambia mama, siku hazigandi, sema neno tu, useme umetubu kusafisha nyota za watu, tukufungulie, uzikwe na kanisa lako.

Dada aliomba ainuliwe akae. Akawaambia dhambi anazo, na kama wana nafasi atazitaja, amewahi kumsengenya mkwe wake, ana hasira, amewahi kumwombea mabaya mtu aliyempiga picha bango lake, hizo zote anatubu sasa hivi na machozi juu, lakini nyota hajasafisha hata moja, kwa sababu hakuna iliyokuwa chafu, alisafisha vioo. Akasema, mkinitaka nitubu hilo, maana yake nikiri kwamba kulikuwa na uchafu, na siku nikikiri, binti wa Somoe na wale wote watajua kwamba mganga alisema kweli, watarudi kwake na kuku wao, na mimi nitakuwa nimenunua jeneza langu kwa vichwa vya watoto wa watu. Wazee waliaga. Tarehe 9 Juni 2024, siku ya Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, akiwa hospitali, na mkono wake ukiwa mkononi mwa Jesca, dada alifariki dunia.

Sasa tumefika. Kaka yetu Stanley, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, amenisihi tangu juzi, akisema Atuganile, ni sentensi moja, marehemu hasikii, inampunguzia nini, na watu wazima wawili wamenipigia magoti. Jesca naye jana aliniomba niisome, kwa sababu alitaka mama yake azikwe kwa kengele, na hakuna wa kumlaumu. Lakini leo asubuhi, tulipokuwa tunamwogesha mama yake, aliacha kitambaa, akanitazama, akasema, mama mdogo, usimsingizie mama. Basi nasoma sentensi yangu, na msema kweli mpenzi wa Mungu: marehemu hakutubu.

Mchungaji, mwanangu, umenisikia. Ukiwasha gari nenda salama, hatutakusema, ukizima na kushuka kama muombolezaji, kiti kipo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia dada kwa miaka mitatu, waliokuwa wakikosa usingizi yeye akiwasumbua kwa maswali kuhusu vioo vya hadubini zao za maabara, tunawashukuru wenzake wa karakana ya miwani, majirani wa Kinyerezi wa dini zote mliolala hapa nje siku tatu, walimu wa klabu za sayansi, na Deogratias, ndiyo, wewe, simama watu wakuone, umetupa bango zuri kuliko tuliloagiza, na halifutwi. Ndugu wa Tukuyu, ndaga fijo, asanteni sana. Kwa wale waliokataa kuja kwa sababu ya bango, tunawashukuru kwa kutupunguzia sahani.

Jeneza litatoka sasa. Wanaume kaeni kidogo, watabeba wanawake aliowaonyesha nyota, mbele Bi Somoe na binti yake, nyuma Jesca na mie, na tukifika kaburini hakuna atakayesoma ibada, tutaimba wenyewe zile nyimbo za kwaya aliyofukuzwa, sauti ya pili ilikuwa yake, tutaiacha wazi.

Dada Tupokigwe, pumzika kwa amani, wewe hukutubu, na sie hatutubu kwa niaba yako.