Marehemu Yaqdhan, Mwalimu wa Magolikipa wa Barafu

Bismillahi. Kwa niaba ya mama yetu Bi Zuweina, ya mjane wake Shatha aliyeko edani nyumbani, ya mtoto wetu Ruba na ukoo mzima, mimi Aflah bin Zahran, kaka wa marehemu, nnasimama mbele yenu hapa sablani, ukumbini petu Al Hail, siku hii ya tatu ya azaa na matanga, baada ya khitma, kukusomeeni maisha ya mdogo wangu, na kina mama walioko upande wa pili wananisikia kwenye spika, nawaomba nikikosea wasinisahihishe mpaka nimalize, maana nnawajua.

Marehemu Yaqdhan bin Zahran alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, Malindi, Unguja mjini, akiwa kitinda mimba, akaletwa Maskati mwaka 1975 akiwa hajui neno la Kiarabu ila la kuombea dua, akakulia Ruwi, na tangu udogo wake alikuwa mtu wa joto, maji ya mtungi tu yakimtia mafua, mama akimvalisha fulana mbili mwezi wa Januari huku sisi wengine tunatoka jasho. Mtu huyo, jamani, ndiye Mwenyezi Mungu aliyemwandikia barafu.

Alisoma skuli za Ruwi mpaka mwaka 1989, akapata nafasi ya Serikali kwenda Winnipeg, Kanada, kusomea uhandisi wa barabara, na huko, mwezi wa Disemba mwaka huohuo, wenzake wa bwenini wakamchukua kwenye hoki ya barafu, wakamtia golini kwa sababu hajui kuteleza, wakidhani asiyejua kuteleza ndiye wa kusimama, naye akakubali, akidhani kazi ya golikipa ni kusimama. Wote walikosea. Golikipa wa barafu ndiye anayeteleza kuliko wote, ubavuubavu, kwa magoti, nyuma na mbele, na anachokizuia ni kisahani cha mpira mgumu, upana wake kama kifuniko cha kopo la samli, kinachokuja kasi kuliko gari la barabara kuu ya Al Khuwair. Siku ile ya kwanza alifungwa mpaka waliokuwa wakimfunga wakaona haya, lakini alinambia mwenyewe kwamba kimoja alikiona tangu kinaondoka kwenye gongo mpaka kinaingia kwenye glavu yake, akakisikia kizito mkononi, akataka kulia kwa furaha, na akabaki golini miaka mitano.

Alihitimu Mei 1994, akarejea, na tarehe 1 Oktoba 1994 akaajiriwa wizarani Al Khuwair, kitengo cha taa za barabarani, alikotumikia mpaka alipostaafu tarehe 31 Disemba 2023, na kila nyinyi mliposimama kwenye taa nyekundu mkilaani, huenda mlikuwa mnamlaani marehemu, basi msameheni. Ulipofunguliwa uwanja wa barafu hapa mjini, akawa akitoka kazini anavua kofia ya kumma na kanzu ya dishdasha ndani ya gari, anavaa koti kama mtu anayekwenda vitani, anaingia kuwafundisha magolikipa, watu ambao makocha wengine huwaacha pembeni wapigwe tu.

Tarehe 18 Disemba 2003 alimuoa Shatha bint Nawar, wa Madinat Sultan Qaboos, na Mungu akawajaalia mtoto mmoja, Ruba, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 2007, ambaye alianza kukaa golini akiwa na umri wa miaka kumi, mbele ya mashangazi waliokuwa wakimuuliza baba yake kama hakuona mchezo mwengine wa mtoto wa kike, naye akiwajibu kwamba aliuona, ila Ruba hakuutaka.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu maisha ya marehemu yaliyobaki yote yamo katika jambo hili moja. Siku ya Ijumaa, tarehe 21 Januari 2022, kisahani kilimpiga Ruba chini ya shingo, pahala ambapo kinga ilikuwa imehama, kikamvunja mtulinga. Mfupa uliunga. Macho hayakuunga. Aliporudi golini, kila kisahani kilipoondoka kwenye gongo, uso unageuka, macho yanafumba, na golikipa anayefumba macho ni mlango usio na komeo. Timu ya wasichana wakaanza kunong'ona kwamba atafutwe mwengine, na mtoto mwenyewe, ambaye hakuna alichokipenda duniani kama goli lile, akamwambia mama yake, "Mama, walla mimi sifumbi, yanajifumba yenyewe." Yaqdhan aliposikia maneno yale hakumkaripia, hakumwambia muoga, alimaliza chakula chake, akanawa mikono, kisha akasema, basi tutayafundisha kukaa wazi.

Ikawa kazi. Kwenye baraza ya nyumba yao, juu ya vigae, Ruba amevaa soksi aweze kuteleza, na juu ya ngazi amesimama Nabatanzi, binti wa Masaka, Uganda, anayewasaidia kazi za nyumbani, ambaye kwao alikuwa mchezaji wa netiboli na mkono wake una nguvu, Mungu aubariki, anarusha mipira ya tenisi iliyopakwa rangi mbalimbali, na sharti ni kwamba Ruba aitaje rangi kabla ya kuudaka, na akiudaka bila ya kutaja rangi hauhesabiwi, na mtaa mzima wa Al Hail tukisikia, "Dada Ruba, rangi gani? Sema kabla, si baada! Umebahatisha huo, rudia!" Marehemu alikata kifuniko cha ndoo, akakifunga chini ya macho kwenye kofia ya mtoto, ili asiweze kuchungulia kwa pembe ya jicho, lazima ainamishe kichwa chote akifuate kile kinachokuja mpaka mkononi. Akachukua kanga ya Shatha, akaitundika kule uwanjani mbele ya goli kwenye vigingi viwili, visahani vikawa vinapita chini yake, mtoto haoni mpigaji, anaona visu vya viatu vya mpigaji vya kutelezea tu, na kutoka hapo akisie, na Shatha alilia, si kwa ajili ya mtoto, bali kwa sababu ile ilikuwa doti mpya, na kipande kimoja kikishatoboka kile cha pili atakivaa na nini?

Kwa mipira laini macho yalikubali, kwa visahani vya sponji yakakubali, lakini kilipokuja kisahani chenyewe cha mpira mgumu, yanafumba. Mwaka mzima. Sisi tuliomtazama tulichoka kabla yake, nami nilimwambia, ndugu yangu, muache mtoto acheze kinanda, akanitizama kama niliyetukana.

Sasa sikilizeni maajabu. Jioni moja mwezi wa Machi 2023, mazoezini, mpigaji mmoja anakuja peke yake na kisahani, Yaqdhan yuko nyuma ya kioo, anamuona mwanawe ameanza kutetemeka, akapiga kelele kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "Tulia!" Na Ruba, aliyeshinda skuli na Kiarabu kutwa, masikio yamo ndani ya kofia na uwanja unavuma, akasikia "Taali", yaani njoo. Akenda. Alitoka golini mbio, macho kodo, akimtafuta baba yake anamuitia nini, na mpigaji akababaika, akapiga, kisahani kikamgonga kifuani kikaanguka miguuni pake, na yeye anakitizama. Hakufumba. Watu wakapiga makofi, na kocha wa timu akamgombeza kwa kutoka bila ya ruhusa, lakini Yaqdhan alikuwa ameegemea kioo, paji la uso juu ya baridi ile aliyokuwa akiiogopa tangu utotoni, anasema Subhanallah, Subhanallah, kwa sababu alikuwa ameona kwamba mtoto yule khofu yake ilikuwa katika kungoja, na akiiendea haina nguvu.

Tangu siku ile alifunga kamba mbili, moja kwenye kila mwimo wa goli, akaziunganisha mbele kwenye kisahani, Ruba akasimama kati ya kamba, na kila hatua aliyosogea mbele akazigusa kamba zote mbili kwa mabega, akaona kwa macho yake kwamba golikipa akikiendea kisahani, goli nyuma yake linapungua, hakibaki pahala pa kupita, na aliyebaki nyuma amejikunyata ndiye aliyeacha wazi kila upande. Nimemuona mtoto yule akilifanya zoezi lile wiki baada ya wiki, anatoka, anatulia, anapiga magoti, anainuka, anarudi, anatoka tena, na sina haya kusema kwamba mimi mzee mzima nilisisimka mwili, nikaona kuna kitu kinafanyika pale ambacho mwanaadamu peke yake hakiwezi.

Tarehe 11 Juni 2024 madaktari walimwambia marehemu kwamba mapafu yake yanakakamaa, na wakamkataza baridi. Alisikia. Hakutii. Alikuwa akienda amejifunga shuka mbili juu ya koti, na mtungi wa hewa pembeni, mpaka Septemba 2025 alipolazwa na hakuweza tena kutoka, na Ijumaa ya tarehe 17 Oktoba 2025, timu ya wasichana ilipocheza mechi yake kubwa, aliiangalia kwenye simu, mimi nimemshikia. Visahani vilikuja kama mvua, Ruba anatoka, anadaka, anazuia, mpaka dakika za mwisho kimoja kikapita juu ya bega lake, kikaingia, na timu ikafungwa mbili kwa moja. Mimi nikasema pole. Nikamkuta anacheka, machozi yanamtoka, analipiga godoro kwa kiganja, mpaka muuguzi akaja mbio akiuliza tumeshinda? Yaqdhan akamwambia, kwa pumzi ile aliyokuwa nayo, "Tumefungwa, lakini mwanangu kakiona! Rudisha nyuma uone, kakifuata mpaka wavuni." Muuguzi akarudisha picha, sote tukainamia, na kweli, uso wa Ruba umekigeukia kisahani, macho yote mawili wazi, mpaka mwisho.

Siku ya Alkhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, asubuhi, daktari alitwambia kwamba umefika wakati, na anayetaka kubaki abaki. Shatha alizimia, wakamtoa. Mimi, kaka mkubwa, niliyewazika baba na babu, nilitazama ukuta. Ruba alitoka pale mlangoni alipokuwa amesimama, akasogea, akasogea tena, mpaka goti lake likagusa kitanda, akainama, akamtizama baba yake usoni huku akimtamkisha shahada, hakugeuza uso, hakupepesa, kila pumzi akaifuata mpaka ile ya mwisho, na ilipokwisha akanyoosha mkono wake, yeye mwenyewe, akamfumba macho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na khasa muuguzi yule wa tarehe 17 Oktoba, inawashukuru majirani wa Al Hail kwa vyakula na kwa kuvumilia mipira iliyowaangukia uani, wafanyakazi wenzake wa wizarani, magolikipa wake wote waliobeba jeneza, na mwendesha mashine ya barafu aliyezima taa za uwanja siku ya mazishi bila ya kuombwa na mtu. Nabatanzi, mwanangu, wewe si wa dini yetu, lakini umekesha nasi, na dua yako tumeisikia, asante. Mwenye kumdai marehemu aje kwangu.

Yaqdhan, mdogo wangu, baba alikupa jina la mtu aliye macho, nawe umelitumikia miaka hamsini na minne. Inatosha. Mola wako akulaze pema, usinzie bila ya wasiwasi, mlangoni kuna mtu.