Panga Lililovunjika Bila Kuguswa

Tii!

Sauti hiyo niliisikia kabla sijaona kitu. Ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa nausukuma mlango wa karakana yangu pale Shirere kwa bega na goti, maana ulikuwa umepinda na haukuwahi kufungika sawasawa. Niliuchomelea mwenyewe. Chekeni tu, ndugu zangu! Fundi wa chuma mwenye mlango uliopinda! Basi ndani mle gizani kikalia kitu, tii, kama waya wa gitaa uliokatika. Nikaingia. Kwenye rafu ya mapanga mapya, moja lilikuwa vipande viwili. Hakuna aliyeligusa.

Nawaambia leo nililolificha siku ile. Vile vipande nilivitupa nyuma ya tanuri, nikajiambia chuma kilikuwa kibovu. Mapanga yaliyobaki nikayauza.

Mnaijua kazi yangu. Nachukua springi kuukuu ya lori, naichoma hadi iwe nyekundu, naifua, kisha naitumbukiza majini iwe ngumu. Panga likitoka majini huwa limejikunja kidogo. Marehemu baba, aliyenifundisha, alikuwa analirudisha kwenye moto mdogo, analinyoosha likiwa bado na joto, halafu analizika kwenye jivu moto la makapi ya miwa mpaka lipoe lenyewe. Tena alikuwa na desturi moja: kabla ya mteja kulichukua panga, baba mwenyewe hukata nalo mua wa kwanza, chini kabisa kwenye shina, mguu wake ukiwa pale pale.

Msimu ule wa kuvuna miwa, wateja walijipanga hadi barabarani. Mimi nikaona jivu ni uvivu wa wazee. Nikawa nayanyoosha mapanga yakiwa baridi, ta-ta-ta, yamenyooka kama rula, chukua nenda. Na mua wa kwanza? Kateni wenyewe!

Siku ya tatu baada ya ile tii akaja mkata miwa mmoja wa Matete, mteja wangu wa miaka. Aliletwa na bodaboda, muundi umefungwa kwa shati lililolowa damu. Panga langu lilikuwa limevunjika mkononi mwake shambani, kipande kikamrukia. Hakunitukana. Aliuweka mpini juu ya meza.

"Mayi," alisema, akiniita mama kwa lugha ya kwetu, "kwenu mlikuwa mnakatanga mua wa kwanza."

Akachechemea nje. Mlango ukabaki wazi nyuma yake.

Niliyafuata mapanga yote ya msimu ule, boma kwa boma, nikayarudisha. Kisha nikazima moto. Nikaanza kuchoma mahindi kando ya barabara, na aliyeniita fundi nilimgeuzia mgongo. Mkono ule ule uliojua chuma tangu utotoni sasa ulikuwa unageuza magunzi.

Hapo akatokea binti mmoja, mwanafunzi wa chuo anayesomea metali, mpangaji wa jirani. Alipenda mahindi yangu na alipenda maswali zaidi. Siku moja akanichokoza mpaka nikamsimulia yote.

"Kile kipande cha nyuma ya tanuri bado unacho, Mama?"

"Cha nini?"

"Nikakiulize."

Akaenda nacho. Wiki iliyofuata akarudi na picha kwenye simu, iliyopigwa kupitia darubini yao ya chuo. Niliona chembe zimebanana, kama punje kwenye gunzi.

"Kumbe chuma kina punje?"

"Kinazo, Mama. Na kila moja imelala upande wake. Ukigonga, hii inakubali haraka, ya jirani inakataa. Nyundo ikinyamaza, zenyewe bado zinavutana. Na maji baridi yalikuwa yameshazikaza."

"Lakini panga lilikuwa limenyooka!"

"Nje."

Ndugu zangu, neno hilo moja lilinikalisha chini.

"Sasa dawa yake?"

"Joto dogo linaloenea sawa, punje zipate nafasi ya kulegea. Halafu lipoe bila haraka."

"Kama kwenye jivu?"

Akanikodolea macho. "Nani alikufundisha jivu?"

Nilicheka mpaka mahindi ya watu yakaungua. Nikalia pia, lakini kilio cha kuosha moyo, si cha msiba. Baba hakuwa mvivu!

Kesho yake niliwasha moto. Kazi ya kwanza ilikuwa ule mlango. Nilikata viungo vyote, nikachomelea upya, huku kidogo, kule kidogo, nikikipa chuma muda wa kupoa. Kisha nikafua panga moja tu. Nililipasha polepole nikitazama rangi ikitembea juu yake, ya asali, ya kahawia, ikaingia zambarau. Nikalizika kwenye jivu. Likakaa rafuni juma zima, mimi nikilitegea sikio kama mama mwenye mtoto mchanga. Kimya. Sijapata kufurahia kimya namna ile.

Nawashukuru. Binti yule ameketi hapo nyuma na simtaji, ataona haya. Kina mama mlioniletea obusuma, ugali wetu, wakati moto wangu umezimika, mkakaa nami bila kunihoji, ninyi mlikuwa jivu langu. Nami nimejifunza hili: ukimwona mwenzako amenyooka kwa nje baada ya mapigo, usidhani yamekwisha. Mpe joto, na umpe muda.

Ehe, mnataka kujua habari za mkata miwa. Nilimtumia ujumbe Matete, akaja, akasimama mlangoni.

"Nimekuja," alisema, "lakini leo nasimama mbali."

"Simama unapotaka. Mguu wa leo ni wangu."

Nyuma ya karakana kuna miwa. Nikauweka mguu wangu kando ya shina, nikainua panga. Mua wa kwanza ukalala.

"Tena."

Wa pili. Wa tatu.

"Piga lile jiwe."

Nikapiga. Panga likalia ngee, sauti ndefu, nzima. Akaja karibu, akalichukua mkononi mwangu, akalipitishia kidole gumba mgongoni.

"Mayi," alisema, "hii ni yangu. Nyingine wafulie watu."

Akachukua na kipande cha mua, akaanza kukitafuna, akatoka. Kisha akakumbuka, akarudi hatua moja, akashika mlango kwa vidole viwili na kuuvuta nyuma yake. Ukafungika.