Mkono wa Attracta Getini

Padre Colman, ndugu, jamaa na majirani mliokuja na mvua hii, mimi ni Imelda, kitinda mimba wa marehemu, na ndugu zangu wamenikabidhi kazi hii kwa sababu, wanavyosema wao, mimi ndiye mwenye mdomo.

Mama yetu, Attracta Durkan, alizaliwa tarehe 5 Machi 1941 hapa hapa Glenarra, Kaunti ya Mayo, akiwa mtoto wa saba wa Anthony na Delia Durkan, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1954, kisha akaenda Ballina kufanya kazi kwenye kiwanda cha kufuma sweta, ambako alisifika kwa sauti ya kuimba iliyozidi kelele za mashine. Tarehe 4 Aprili 1964 alifunga ndoa na Malachy Gilvarry, mfanyakazi wa barabara za kaunti, na msimamizi wa bwana harusi alikuwa jirani yetu Jarlath Munnelly, ambaye yuko nasi leo, kiti cha nyuma karibu na mlango. Mungu akawajalia watoto watatu, Dympna, Enda na mimi.

Mtu yeyote wa huku anajua kwamba barabarani hatupitani hivi hivi, ukikutana na gari unainua mkono, na dereva naye anainua kidole juu ya usukani, hata kama jana mmegombana kwa ajili ya ng'ombe. Asubuhi ya tarehe 18 Septemba 1973 baba alitoka na baiskeli kwenda kazini, mama akabaki getini, Jarlath akaja nyuma na gari lake, akamgonga baba mbele kidogo ya geti letu, na baba akafia pale pale, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama. Kesho yake Jarlath alikuja na sepetu kuchimba kaburi pamoja na majirani wengine, kama ilivyo desturi yetu, hakuna aliyejua amkataze vipi, na mama akampelekea chai kama wenzake.

Kampuni ya bima ya Jarlath ilikataa kulipa, ikidai kwamba uzembe haukuwepo, kwamba jua lilimpiga dereva machoni na baiskeli ikayumba kwenye shimo, shimo ambalo baba mwenyewe alikuwa amelifukia wiki iliyotangulia. Bila kuthibitisha uzembe tusingepata kitu, na mama alikuwa na watoto watatu wa kulisha. Kesi ilisikilizwa Castlebar mwezi Mei 1975, mbele ya jaji na wananchi kumi na wawili walioteuliwa kuamua, na hapo ndipo walipoanza kumpima baba. Wakili wa bima alitaka kujua kama alikuwa mnywaji, babu alifariki akiwa na umri gani, viatu alinunua kila baada ya muda gani, maana kila alichotumia kwa ajili yake mwenyewe kilitakiwa kukatwa kwenye mshahara wake ndipo ijulikane sisi tumepoteza nini, kisha akamwomba mama asimame vizuri, ili wale kumi na wawili waone kama bado anaweza kupata mume mwingine, maana mume mpya angepunguza fidia.

"Nimesimama," mama akasema. "Nigeuke pia, au kwenu mnanunua ng'ombe bila kumwona nyuma?"

Watu walicheka, jaji akagonga meza, lakini mama hakucheka. Wakili wetu akamuuliza jua lilikuwa wapi, akajibu lilikuwa mgongoni kwa Jarlath, akaulizwa basi Jarlath alikuwa anaangalia nini, na mama akajibu, akijua kwamba jibu hilo litatulisha sisi na litamla yeye.

"Alikuwa ananiangalia mimi. Nilimwinulia mkono, naye akaniinulia, akageuza shingo anichekee."

"Nani alianza?" wakili wa bima akadakia.

"Mimi."

Jarlath, shahidi wao wenyewe, akasimama kule alikokaa. "Ni kweli, Attracta. Hilo jua niliambiwa tu niseme."

Iliamuliwa kwamba uzembe wote ulikuwa wa dereva, kwamba anayeshika usukani ndiye anayepaswa kuangalia barabara, na anayesalimu getini kwake hana kosa. Fidia tuliyolipwa ilitulea na kutusomesha. Hukumu mama hakuikubali hata siku moja. Tangu hapo hakumwinulia mtu mkono, gari likisikika alificha mikono ndani ya aproni, na sisi tukipunga alitupiga vidole, akisema, "Shusheni mikono, mtaua mtu!" Wengi wenu humu mlimwita mwenye maringo, na nilisikia. Hakuwa na maringo, alikuwa na hofu, na hofu hiyo tulikaa nayo mezani kila mlo.

Jarlath naye, tangu kesi iishe, kila alipofika getini kwetu alisimamisha gari kabisa, akazima injini, akainua kidole, akangoja, ndipo akaenda, awepo mtu au asiwepo. Nimekua na ukimya ule wa injini, na mpaka leo ninausikia hata ninapolala Dublin. Mama alisimama nyuma ya pazia, hakujibu. Macho ya Jarlath yalipofifia, binti yake Concepta akashika usukani, naye akaagizwa asimame vile vile.

Mama alianza kusumbuliwa na moyo Novemba 2022, akatibiwa Castlebar, kisha akaomba arudi nyumbani, tukamwekea kitanda dirishani. Asubuhi ya tarehe 6 Februari 2024 injini ilizimwa getini.

"Amesimama?" akaniuliza.

"Amesimama, Mama."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Basi nisaidie, mkono mzito."

Nikamshika kifundo cha mkono, tukauinua pamoja, na hakukubali niushushe mpaka gari lilipoondoka. Alifariki mchana wa siku hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, akina mama waliofuma naye Ballina, na majirani mliochimba kaburi jana kwenye matope. Na wewe Jarlath, najua Concepta alikuwa anaangalia barabara, na macho yako hayafiki tena dirishani kwetu, kwa hiyo hukuuona mkono ule. Nakwambia mbele ya watu wote hawa, uliinuliwa, na ulikuwa wako.

Pumzika, Mama. Gari limesimama.